Kadi ya Nyota na Ndoa ya Geneva

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ni Oleta Burchett, binti wa mchungaji, mzaliwa wa bonde la Laurel Lick, kaunti ya Pruitt, huku kwenye milima ya makaa ya mawe. Kwa miaka thelathini na minane nilikuwa karani wa leseni katika jengo la mahakama ya kaunti. Sikuolewa. Wiki iliyopita niliwasimulia jinsi kazi hiyo ilivyoniponyoka.

Kwa ufupi ilikuwa hivi. Serikali kuu ilitaka leseni za udereva za majimbo yote zifikie kiwango chake. Ziwe na nyota pembeni, na kila mwenye nyota awe ameonyesha karatasi za kuthibitisha jina lake tangu alipozaliwa. Asiye na nyota asahau ndege, asahau na malango ya kambi za jeshi. Amri ikatoka, hela haikutoka.

Jimbo letu likapiga hesabu ya kamera mpya, mashine mpya na mitambo ya kupeleka picha za vyeti makao makuu, kwa kila kaunti. Likaona haiwezekani. Likafunga kaunta zetu zote na kufungua ofisi chache za kanda. Ya kwetu iko mwendo wa saa moja na nusu, kwa dereva anayezijua kona.

Nikapewa keki na saa ya ukutani. Ile saa mnajua niliifanya nini, sirudii.

Leo nasimulia gharama ambayo jimbo halikuiweka kwenye hesabu yake. Nawaambia mapema kwamba mwisho wa sehemu hii hamtanipenda.

Geneva Stidham ni jirani yangu. Kazi ilipokwisha, wengi walianza kunikwepa kana kwamba nimewafungia ofisi mimi, lakini yeye aliendelea kuja na sahani yake ya maharage na mkate wa mahindi. Mumewe, Clell, alikufa miaka sita iliyopita, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Walijaliwa mtoto mmoja tu, Randall, fundi wa magari ya jeshi kwenye kambi moja huko Texas.

Jumatatu moja ya Machi, Geneva aliingia jikoni kwangu bila kubisha. Hakuwa na sahani, na hakutaka kukaa.

Tangi la mafuta lilikuwa limelipuka kwenye gereji ya kambi. Randall alivuta moto ndani ya kifua. Alikuwa amelazwa hospitali ya humo humo kambini, mashine inampumulia. Daktari alikuwa amempa wiki tatu, na hata hizo alizitaja kwa kusitasita.

"Nataka nimkute ana joto, Oleta," akaniambia. "Nimshike mkono akiwa bado ana joto. Sina ombi jingine duniani."

Nikamwambia apakie nguo, nitamwendesha mwenyewe hadi Texas.

Akatikisa kichwa. Safari haikuwa shida. Shida ilikuwa lango. Afisa wa kambi alikuwa amempigia simu, mtu mwenye adabu zake, akamweleza mara tatu: mgeni haingii bila kadi yenye nyota au pasipoti. Kulikuwa na fomu ya kuombewa ruhusa maalumu, na yeye angeituma kwa furaha, ila nayo ilitaka zile zile karatasi za kuthibitisha jina. Pasipoti vilevile.

"Basi tunakwenda kuchukua nyota," nikasema, nikajiona shujaa.

Jumatano tulikuwa kwenye ofisi ya kanda kabla haijafunguliwa. Geneva alivaa gauni lake la kanisani. Alikuwa na kibahasha cha plastiki chenye cheti cha kuzaliwa, kadi ya hifadhi ya jamii, bili ya umeme, bili ya maji, na picha ya Randall ambayo hakuna aliyeiomba.

Tulisubiri kwa muda wa saa nne. Namba yetu ilipoitwa tulikutana na mama wa makamo mwenye miwani puani, si mkali wala si mpole. Alizipanga karatasi za Geneva kama mtu anayepanga karata, kisha akasimama kwenye mbili.

"Cheti cha kuzaliwa kinasema Geneva Pratt," akasema. "Leseni uliyonayo inasema Geneva Stidham. Katikati hapa kulitokea nini?"

"Alitokea Clell," Geneva akamjibu.

Watu kwenye foleni wakacheka. Hata yule mama akatabasamu kidogo.

"Basi nionyeshe huyo Clell kwenye karatasi. Cheti cha ndoa, chenye muhuri wa kaunti."

Geneva akasema nyumbani hana. Akaulizwa alibadilishaje jina kwenye leseni yake ya kwanza kama hakuwa na cheti. Akanyoosha kidole, akanionyesha mimi.

Na kweli. Nilikuwa na mwaka wa pili tu kazini. Geneva aliolewa Jumamosi, Jumatatu akaja kaunta akiwa bado na mchele wa kurushiwa maharusi nyweleni. Nilikula keki ya harusi yake, nilisimama shahidi wake, ningemdaije karatasi? Nikaandika Stidham kwenye leseni, nikampigia picha. Hifadhi ya jamii wakaifuata leseni yangu, benki ikawafuata hifadhi ya jamii, na kwa miaka thelathini na saba hakuna aliyeuliza. Ndivyo tulivyofanya kazi huku kwetu. Karatasi ya Geneva ilikuwa mimi.

Nikajisogeza kaunta. Nikajitambulisha kama karani mwenzake, nikasema nilikuwepo, nilimwona kwa macho yangu akisema ndiyo, niko tayari kuapa.

"Ninakuamini, mama," akasema. "Lakini nyie mlikuwa mnajuana. Hii mashine hapa haimjui mtu."

Akatueleza njia mbili. Moja ni kwenda kwa jaji tuombe jina upya, na kalenda ya jaji ilikuwa imejaa kwa wiki tano. Nyingine ni kuleta cheti kutoka kaunti yetu. Tena, akaongeza, tusisahau kwamba kadi yenyewe haitolewi pale siku hizo. Inachapwa mbali na kuletwa kwa posta, na posta inachukua siku kumi.

Siku kumi. Nilimwona Geneva akizihesabu kwa vidole ndani ya mfuko wa koti.

Kwenye maegesho ya magari nikampigia simu Marlena Gayheart. Marlena ndiye karani wa kumbukumbu aliyebaki kwenye jengo letu, anayeshughulika na ardhi na ndoa. Nilimfundisha kazi mwenyewe, na baba yangu alimbatiza mtoni akiwa mchanga wa imani. Alikwenda kwenye makabati, akakaa huko muda mrefu, akarudi.

Faili la mwaka ule lilikuwepo. Cheti cha Geneva na Clell hakikuwemo.

"Itakuwa mafuriko," nikasema haraka, kabla mtu hajawaza jingine. "Yale mafuriko makubwa yaliingia mpaka kwenye kabati la chini, unakumbuka."

Marlena akasema labda. Geneva akaniamini. Kwa nini asiniamini?

Tukarudi nyumbani. Tulipofika kwenye daraja la reli akaniuliza, polepole, kama wanawake wanavyouliza jambo wanalolionea haya, kama ina maana kwamba yeye na Clell hawakuwa mke na mume.

Nikamwambia asiseme upuuzi.

"Siyo mimi ninayesema," akajibu. "Nimezika mume, Oleta. Nimevaa nyeusi. Leo mwanamke nisiyemjua ananiuliza huyo niliyemzika ni nani yangu."

Hapo moyo ulinishinda, nikamtobolea sehemu ya ukweli. Sehemu tu. Nisomeni vizuri: sehemu.

Baba yangu, Mchungaji Elzie Burchett, ndiye aliyewafungisha ndoa. Sheria ilikuwa kwamba wachumba wanachukua fomu kaunti, mchungaji anaijaza na kutia sahihi siku ya harusi, kisha anairudisha kaunti ndani ya mwezi mmoja ili iandikwe. Lakini wachungaji wa milimani hawakuwa watu wa mjini. Walizitia fomu ndani ya Biblia, na zikakaa humo mpaka siku watakapoteremka kununua mbegu au kung'oa jino. Baba alikuwa mkaidi kuliko wote. Wakati mwingine fomu ilirudi kaunti baada ya mtoto kuzaliwa.

Harusi ya Geneva ilikuwa Oktoba. Februari baba akafa. Na huku kwetu mchungaji huzikwa na Biblia yake, ikiwa kifuani, chini ya mikono.

Geneva alibaki mdomo wazi. Halafu akaufunga.

"Kwa hiyo ndoa yangu iko kaburini," akasema.

"Nadhani hivyo."

"Basi tukamfukue."

Huyu ni mwanamke ambaye hajawahi kukosa kwaya Jumapili hata moja, asiyekanyaga nyasi za makaburini bila kuomba radhi. Alisema tukamfukue kama anavyosema tukachume nyanya.

Kufukua kunataka kibali, na kibali kinataka ridhaa ya watoto wote wa marehemu. Tuko wawili. Wa pili ni kaka yangu Vernon, aliyeendesha malori ya makaa mpaka mgongo ukakataa. Ijumaa tukapanda kwake.

Tulimkuta barazani anatafuna tumbaku, mbwa wawili wamemlalia miguuni. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho bila kunitazama, akatema kwenye kopo, akacheka mpaka akakohoa.

"Mnataka kumfukua mzee wa watu mfuate Biblia ya nyumba ya wageni?"

Sikumwelewa. Akafafanua. Usiku ule wa mkesha, sisi wanawake tukiwa jikoni, yeye aliitoa Biblia ya baba kifuani na kuweka nyingine, nyeusi hiyo hiyo, aliyoibeba kutoka kwenye chumba cha nyumba ya wageni alikolala akipeleka makaa Ohio. Alifanya hivyo kwa sababu Biblia ya baba ilikuwa na majina yetu sote na tarehe zetu za kuzaliwa, na hakuona faida ya funza kujua siku yake ya kuzaliwa.

"Miaka thelathini na sita unanyamaza na jambo kama hilo?" nikamuuliza.

"Hukuuliza, dada."

Ilikuwa kwenye kabati la bunduki, imefungwa ndani ya fulana. Vernon akaiweka mezani. Geneva hakuigusa. Alikaa mbele yake, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme.

Niliifungua mimi. Fomu zilikuwa ndani, zimekunjwa mara mbili, zimegeuka rangi ya chai. Ndiyo, nimesema fomu, zaidi ya moja. Nilizipekua upesi mpaka nikafika kwenye ya Pratt na Stidham, nikaikunjua.

Sahihi ya Geneva ilikuwepo, ya msichana, yenye mikia mirefu. Ya Clell ilikuwepo. Shahidi wa kwanza, Oleta Burchett. Shahidi wa pili, kaka yake Clell, Mungu amrehemu. Tarehe. Jina la kanisa.

Mstari wa mchungaji ulikuwa mtupu.

Nadhani najua ilivyokuwa. Chakula kiliitwa, baba alipenda kuku, akasema ataweka sahihi jioni. Akaitia fomu kwenye Biblia, na jioni ile ikapita na maisha yake yakapita.

Geneva aliuangalia ule mstari muda mrefu. Vernon akaacha kutafuna. Kisha Geneva akauliza, bila kuinua macho:

"Baba yako alipoharibikiwa macho, barua zake alikuwa anaandika nani?"

Bonde zima linajua jibu. Mimi. Nilimwandikia barua, nilimwandikia risiti za sadaka, nilimtilia sahihi mpaka watu wa benki wakaizoea yangu kuliko yake.

Nikasema hapana, Geneva, hiyo ni kughushi, hiyo ni jela. Nililisema vizuri, kwa sauti ya karani. Lakini hii ni hadithi ya kutubu, kwa hiyo niseme na hili: wazo lilinijia mimi kabla yake. Lilinijia nilipouona mstari mtupu. Nilichokuwa nasubiri ni yeye alitamke, ili baadaye niseme nilifanya kwa ajili yake.

"Mimi sikuombi uongo," akasema. "Alitufungisha au hakutufungisha?"

"Aliwafungisha."

"Ulimsikia?"

"Nilimsikia."

"Basi malizia kazi ya baba yako. Alikwenda kula tu."

Vernon akainuka. Akasema anakwenda kulisha mbwa, na kwamba tangu asubuhi hajaona kitu wala mtu. Mbwa walikuwa wamelala na matumbo yamejaa.

Nikachukua kalamu. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. E yake ya kitanzi, T mbili zilizolala, mstari chini. Geneva alipoiona akaweka vidole viwili mdomoni. Ilikuwa kama mzee amepita hapo.

Jumatatu asubuhi tulikuwa mbele ya kaunta ya Marlena. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne katika zile za daktari, na posta inataka kumi. Usiku uliotangulia mkwe wa Geneva, mke wa Randall, alikuwa amesema kwa simu kwamba Randall alifungua macho na kumtafuta mtu chumbani.

Marlena alipoiona fomu alifurahi kweli, maskini. Nikamweleza hadithi ya Biblia na Vernon, naye akacheka na kufuta machozi. Akaigeuza kwenye mwanga. Akaitazama sahihi ya baba yangu kwa upendo, akasema angeitambua popote. Geneva aliangalia chini. Mimi nilimwangalia Marlena usoni, macho makavu.

Sheria inamruhusu kuandika ndoa iliyochelewa kurudi, akasema, mradi sahihi zote zipo na shahidi mmoja yuko hai wa kula kiapo. Shahidi alikuwa mbele yake. Atagonga muhuri, atatoa nakala, na saa sita tutakuwa ofisi ya kanda.

"Ngoja tu nichukue namba kwenye kitabu," akasema.

Kitabu nilikuwa nimekisahau. Hapana, nisiendelee kudanganya. Kitabu sikuwahi kukisahau hata siku moja, ila nilidhani siku hizi hakuna anayekifungua, kwa kuwa miaka ya karibuni vyote vimeingizwa kwenye kompyuta.

Akakileta kwa mikono miwili, kile kikubwa chenye ngozi nyekundu, akakibwaga kaunta. Kila fomu iliyotoka imeandikwa humo: namba, majina, tarehe ya kutoka, na mwishoni kabisa safu ya tarehe ya kurudi. Kidole chake kikateremka. Septemba. Oktoba. Pratt, Stidham. Kikatembea mpaka mwisho wa mstari, kikasimama.

"Bi Oleta," akasema. "Hapa pameandikwa imerudi."

Akainama juu ya kitabu asome vizuri.

"Imerudi tarehe kumi na nne Novemba, mwaka ule ule. Kama ilirudi wakati ule, hii uliyonipa sasa hivi imetoka wapi?"

Nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipazunguka kwa majuma haya yote. Enzi zile fomu za ndoa nazo zilipita kaunta yangu, na Novemba ile bosi wetu wa zamani alikuwa anakagua kitabu. Fomu za baba zilikuwa hazijarudi, na si ya Geneva peke yake. Mzee alikuwa ameanza kusahau, kanisa lilikuwa linatafuta sababu ya kumwondoa, na mchungaji asiyerudisha fomu alipigwa faini na kunyang'anywa ruhusa ya kufungisha ndoa. Ingemuua. Kila nilipomdai fomu aliniambia ziko kwenye Biblia, ataleta kesho. Nikawaza, kama ni kesho, leo kuna ubaya gani. Nikachukua kalamu ya ofisi, nikaandika imerudi. Mstari wa Geneva. Na mistari mingine juu yake na chini yake. Mbele ya kila mmoja nikaweka herufi zangu mbili, kwa sababu kanuni ilitaka anayepokea ajitaje, na mimi nilikuwa karani mzuri.

Februari baba akafa, na Biblia, kwa nilivyojua, ikaenda naye. Kesho haikuja. Ningeweza kumwambia Geneva wakati wowote. Wangefunga ndoa upya barazani kwangu kwa dakika kumi, Clell akiwa hai, na wangenicheka. Nilikuwa na miaka thelathini ya kusema, nikaila yote kimya kimya pamoja na maharage yake.

Marlena alikigeuza kitabu kituelekee. Geneva akavaa miwani. Akausoma mstari wake taratibu, kuanzia namba hadi mwisho, kama mtu anayesoma jina lake kwenye jiwe la kaburi.

"O.B.," akasema.

Kidole chake kikabaki juu ya herufi zile.

"Kwa hiyo hayakuwa mafuriko."

"Geneva," nikasema.

"Nakuuliza swali dogo. Hayakuwa mafuriko?"

"Hayakuwa."

Alivua miwani, akaikunja, akaitia mkobani. Hakunipigia kelele. Ningeshukuru kama angenipigia kelele.

Marlena alikuwa amepauka. Ana watoto wawili na kazi moja, na kazi hiyo ilikuwa mbele yake kaunta. Akateremsha sauti, ingawa tulikuwa watatu tu.

"Bi Oleta, wewe ndiye uliyenifundisha. Kimoja hapa ni cha uongo, kitabu au karatasi. Ukiapa kwamba kitabu ndicho cha uongo, ninapokea karatasi na kugonga muhuri, mama huyu aende. Lakini leo hii inabidi nimwandikie mwanasheria wa kaunti kwamba karani alijaza kumbukumbu za uongo, na pensheni yako itasimama mpaka watakapoamua. Ukiapa kwamba kitabu ni sahihi, basi karatasi hii siijui imetoka wapi, na siwezi kuigusa."

Pensheni ndiyo mkate wangu na kuni zangu za kipupwe. Sina kingine. Lakini si hilo lililonifunga ulimi.

Marlena alidhani kimoja ni cha uongo. Vilikuwa vyote viwili, na vyote viwili vilitoka katika mkono mmoja. Nikikana kitabu, ninakula kiapo mbele ya Mungu wa baba yangu juu ya sahihi niliyoiandika Ijumaa. Nikisema ukweli mzima, kuanzia alama hadi sahihi, ndoa ya Geneva inakwenda kwa jaji na kupanga foleni ya wiki tano. Na chini ya mstari wake kulikuwa na wanawake wengine, wengine wajane, wengine bado wanalala na waume zao, ambao hawajafika bado kwenye kaunta ya kuulizwa katikati kulitokea nini.

Marlena akachomoa fomu ya kiapo. Akaijaza jina langu kwa herufi kubwa.

Geneva ndiye aliyesema. Alisema na ukuta, hakusema nami.

"Randall ana siku kumi na nne. Wewe nitakuuliza nikirudi, Oleta. Nitakuja kwako, nitakaa, na nitakuuliza lile la Clell, kwa nini ulinyamaza akiwa hai, na utanijibu. Leo sina muda na wewe. Apa."

Sikujua anataka niape lipi. Nadhani naye hakujua ni mangapi yaliyokuwa ndani ya kiapo kile.

"Inua mkono wa kulia," Marlena akaniambia.

Nikauinua. Akaniuliza kama nitasema ukweli, wote, bila kuficha. Kisha akashika kalamu na kusubiri, na Geneva, kwa mara ya kwanza tangu kitabu kifunguliwe, akanitazama machoni.